Tombo huja na mvua, kibali huja kiangazi: uchambuzi wa safari ya kwanza ya kuwinda kwale upande wa Pawaga

Mfanyabiashara wa mbao wa Mafinga, mwenye umri wa miaka 52, ana shotgani anayoimiliki kihalali kwa ajili ya kulinda kiwanda chake cha kupasua mbao. Hajawahi kuwinda. Mwezi Mei anaamua kuandaa safari ya siku tatu ya kuwinda ndege, pamoja na shemeji yake wa Dar es Salaam na mwanawe mwenyewe wa miaka 19. Anampigia simu mwongozaji wa Iringa anayefanya kazi chini ya kampuni yenye kitalu cha uwindaji, na kumweleza anachotaka. Anataka kware. Anataka kwenda Julai, wiki ileile msimu unapofunguliwa. Anataka mbwa wa kunusa kama wale aliowaona kwenye video za Wamarekani. Wote watatu wapige. Risasi anazo tayari, boksi nne. "Wewe nitafutie mahali tu, kijana wangu."

Kisa hiki tumekiunda kwa kukusanya makosa yanayojirudia kwa watu wanaokwenda mara ya kwanza, na ndiyo maana hakina majina. Ombi la mzee huyu halina ubaya wowote. Shida ni kwamba karibu kila sehemu yake inapingana na nyingine, na mwongozaji anayejibu "sawa mzee, njooni" anakuwa ameshaiharibu safari kabla gari halijajazwa mafuta.

Kware yupi?

Swali la kwanza si la bunduki wala la hema. Neno "kware" kwa Watanzania wengi siku hizi ni yule ndege mdogo wa kufugwa, wa mayai yenye madoadoa, ambaye asili yake ni Asia ya mashariki. Porini hayupo. Wapo ndege wa namna mbili ambao watu huwachanganya chini ya jina hilo.

Wa kwanza ni tombo. Ni mdogo, hutoshea kwenye kiganja, na uzito wake mara nyingi haufiki gramu 120. Huishi ndani ya majani, huruka ghafla karibu na mguu wako, huenda mita 50 au 100 chini chini kisha hutua na kupotea. Wa pili ni kwale, ndege wa kimo cha kuku mdogo. Yule wa shingo nyekundu, anayeonekana sana kandokando ya mito na pembezoni mwa mashamba, ana uzito wa gramu 400 hadi 900. Kwale ana miguu ya nguvu na huitumia: akisikia mtu, kwanza hukimbia, na huruka pale tu anapobanwa. Dume lake lina vikwaru miguuni kama jogoo.

Tofauti hii ndiyo inayoamua mambo mengine yote, yaani risasi, tarehe, mahali, mwendo wa kutembea, hata kama utarudi na chochote. Mwongozaji akiuliza, "Mzee, yule mdogo kama ngumi au yule kama mtetea?" anakuwa ameokoa nusu ya kazi. Katika kisa chetu mzee alikuwa na picha ya kwale kichwani na jina la kware mdomoni.

Yupo pia ndege wa tatu anayestahili tahadhari. Anafanana na tombo kwa rangi na kimo, lakini miguu yake ina vidole vitatu tu, vyote mbele, bila kile cha nyuma, na kwake jike ndiye mwenye rangi kali huku dume likilalia mayai. Si tombo wa kweli. Akiruka, humtofautishi kirahisi, na leseni iliyoandika tombo haimhusu. Kwa mpigaji mgeni hii peke yake ni sababu ya kutosha kuweka tombo kando katika safari ya kwanza.

Tarehe

Nyanda za juu kusini zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, mahali pengine hadi Mei. Tombo wengi wa mbugani, hasa yule ambaye dume lake lina kidevu cheupe chenye michirizi myeusi na kifua cheusi, hufuata mvua. Hufika majani yanapochipua na mbegu na wadudu wanapokuwa wengi, hutaga, hulea, kisha huondoka majani yakikauka. Msimu wa uwindaji nao hufunguliwa Julai. Kwa hiyo mtu anayetaka tombo wiki ya kwanza ya Julai upande wa Pawaga, bondeni mkoani Iringa, anaomba ndege ambaye sehemu kubwa ya wenzake wameshahama. Anaweza kutembea kilomita 12 na kuinua wawili. Anayemtaka tombo hasa aangalie kwenye leseni yake tarehe ya mwisho ni ipi na kama inamfikisha kwenye mvua. Kama haimfikishi, aachane naye.

Kwale hahami. Yupo mwaka mzima, lakini naye ana wakati wake. Mwanzoni mwa Julai baadhi ya makundi bado yana makinda ya mwishoni mwa mvua, wanaoruka kwa unyonge, mita 30 kisha chini. Kundi la namna hiyo halipigwi. Ukimpiga mama, umepoteza na wale wanaomfuata. Isitoshe, Julai majani ya bondeni bado yamesimama hadi kiunoni, ndege hukimbia ndani yake bila kuonekana, na upupu umekomaa. Atakayepita kwenye kichaka cha upupu saa 2 asubuhi hatakuwa na hamu ya kwale hadi kesho yake.

Tarehe iliyopendekezwa kwa mzee ni wiki ya mwisho ya Agosti. Majani yamelala, sehemu nyingine zimeungua, na kwale hujikusanya kwenye vipande vilivyosalia: kingo za mito ya mchanga, vichaka vya mabondeni, mipaka ya mashamba yaliyovunwa. Asubuhi hutoka kula kwenye sehemu iliyoungua kisha hurudi kwenye kivuli. Hapo mwongozaji anajua pa kuanzia. Kusogeza mbele wiki saba kunatoa pia muda wa makaratasi, na muda huo unahitajika kweli.

Mahali na makaratasi

Mzee alikuwa na mawazo mawili kabla ya kumpigia mwongozaji. La kwanza lilikuwa kupiga kwenye shamba lake Mufindi, kwa kuwa kwale wanamlia mahindi. Ardhi ni yake, ndege si wake. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wazi kwamba wanyamapori wote ni mali ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Hati ya shamba haimpi mtu haki ya kuwinda juu yake.

La pili lilikuwa Kitulo, kwa sababu mtu alimwambia tombo wa kule ni wengi. Kitulo ni Hifadhi ya Taifa tangu 2005, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna uwindaji wa aina yoyote. Atakayekwenda Kitulo aende na darubini. Kwa kweli, kwa kijana wa miaka 19 anayetaka kujifunza ndege, Desemba au Januari kwenye uwanda ule wa maua, na tandawala wakitembea kwa mbali, ni safari inayojitosheleza.

Tuongeze na misitu ya milimani, maana swali lake huulizwa. Mwaka 1991 watafiti waliokuwa kwenye misitu ya Udzungwa waliona miguu ya ajabu ndani ya sufuria la kambini. Ilikuwa ya ndege ambaye sayansi ilikuwa haijamjua, akatangazwa rasmi mwaka 1994: kwale wa msituni wa Udzungwa, ambaye jamaa zake wa karibu wako Asia. Hapatikani popote duniani isipokuwa milima hii yetu, na yuko hatarini kutoweka. Msituni hapigwi kwale wa aina yoyote, kwa sababu kwenye giza la miti huna uwezo wa kujua unampiga nani.

Kwa hiyo safari inakwenda mahali penye kibali: eneo la bondeni lililo nje ya mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambako kampuni ina haki ya kuwinda. Makaratasi yanayotakiwa hayafanani, na kuyachanganya ndiko kunakofikisha watu mahakamani. Leseni ya kumiliki bunduki, inayotolewa kupitia polisi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, si leseni ya kuwinda. Leseni ya kuwinda hutaja jina la mtu, aina ya ndege, idadi na eneo. Kuwa na kibali cha eneo hakukupi ndege, na kuwa na ndege kwenye leseni hakukuruhusu kuvuka mpaka wa kitalu. Mwenye mashaka aanzie kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya au ofisi ya TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania), apeleke maswali yake kwa maandishi na apate majibu kwa maandishi.

Ada za serikali hulipwa kwa kontroo namba. Mwongozaji akikuambia utume fedha ya leseni kwenye simu yake "ili tuharakishe", hapo ndipo pa kusimama na kumwomba kontroo namba yenye jina lako. Fedha ya huduma yake ni jambo lingine, na iandikwe kwenye mkataba pamoja na posho ya askari wa wanyamapori atakayeambatana nanyi, malipo ya wasukumaji (watu wa kuwarusha ndege vichakani), chakula na mafuta. Mafuta ni rahisi kukadiria. Kutoka Mafinga kupitia Iringa hadi bondeni na kurudi, pamoja na mizunguko ya kambini, weka kilomita 400. Land Cruiser ya dizeli kwenye njia mbovu ikila lita 15 kwa kilomita 100, ni lita 60. Beba 75.

Suala la kijana liliamuliwa hapo hapo. Bunduki ni ya mtu ambaye jina lake liko kwenye leseni, na kumkabidhi mwingine porini "apige mbili tu" ni kuwaingiza wote wawili matatizoni. Kijana anakwenda bila bunduki, na tutaona chini kwamba kazi yake ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote.

Mbwa

Video alizoziona mzee ni za uwindaji wa tombo wa kusini mwa Marekani, majimbo kama Georgia na Texas. Yule ni ndege mwingine, mwenye uzito wa karibu gramu 170, anayekaa kwa makundi ya kama 12. Silika yake akihisi hatari ni kujibana chini na kutulia. Mbwa hunusa, husimama kama sanamu akielekeza pua, wapigaji wawili husogea, kundi linalipuka. Mfumo wote wa safari zile za kuongozwa, mbwa wawili wawili, magari ya farasi, mapumziko ya mchana, umejengwa juu ya silika hiyo moja. Na mara nyingi ndege wenyewe ni wa kufugwa, waliotolewa mabandani na kuachiwa.

Kwale wa kwetu hajibani namna hiyo. Ukimleta mbwa aliyefundishwa kusimama, kwale hukimbia mita 60 mbele yake huku mbwa akinusa mahali pasipo na kitu. Mbwa wa kienyeji ni tatizo zaidi, maana hukimbiza na kundi zima huruka mbali na bunduki. Ongeza mbung'o, kifutu na chui. Halafu kuna sheria, ambayo ina masharti juu ya matumizi ya mbwa na mifugo katika kuwinda, kama inavyokataza sumu, mitego, moto, taa za usiku na kufukuza mnyama kwa gari. Kama leseni na kampuni hazikutaja mbwa kwa maandishi, mbwa abaki nyumbani. Mzee alielezwa hivyo akaelewa.

Badala yake wanakuwepo watu. Wasukumaji wanne wa kijiji cha jirani, wanaojua vichaka, hufanya kazi ya kumbana kwale hadi aruke, kwa kutembea polepole na kusimama. Kusimama ndiko kunakomrusha: kwale akisikia hatua zinasonga, hukimbia, zikinyamaza ghafla kwa sekunde 20, hudhani ameonekana, na hapo huruka.

Bunduki na risasi

Boksi nne za mzee zilikuwa za SG, zile za ulinzi. Kila risasi ina chembe 9 hivi, kila moja ya zaidi ya milimita 8. Kwa kwale hazifai kwa sababu mbili. Chembe chache namna hiyo huacha mapengo ambamo ndege anapita bila kuguswa, na ikimgusa moja humrarua. Sababu kubwa zaidi ni kwamba chembe ya SG inaweza kusafiri zaidi ya nusu kilomita, na upande wa Pawaga kuna wachungaji, wakulima na wavuvi ambao hutawaona. Boksi zile zilibaki Mafinga.

Marisau ya ndege, yaani zile chembe ndogo za ndani ya risasi, huhesabiwa kinyume: namba ikikua, chembe inapungua. Namba hizo zinatofautiana pia kati ya nchi na nchi, kwa hiyo soma milimita iliyoandikwa kwenye boksi. Kwa kwale, chembe ya milimita 2.4 hadi 2.6 inatosha. Tombo wanataka ndogo zaidi, milimita 2.0 hadi 2.3, na kanga, ikiwa wapo kwenye leseni, milimita 2.8 hadi 3. Risasi ya gramu 28 yenye chembe za milimita 2.4 ina chembe karibu 345. Marisau haya madogo nayo hufika karibu mita 200 kabla ya kuishiwa nguvu, na umbali huo ndio mpaka wa kufikiria kila unapoinua mtutu.

Bunduki ya mzee ni ya pampu, geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, nayo namba ikikua, mtutu unapungua), yenye mtutu mfupi usiobanwa mdomoni. Si bunduki nzuri ya ndege, lakini inatosha akijua mipaka yake. Mtutu wa namna hiyo hutawanya marisau upesi: kwenye mita 25 mtawanyo unafikia karibu mita 1. Mwisho wake ni mita 25. Chini ya mita 12 ndege anaharibika nyama yote. Kwa hiyo ana dirisha la mita 13 tu, na kwale hulipita kwa muda usiozidi sekunde moja au mbili. Shemeji alikuwa na leseni ya bunduki ya mitutu miwili, iliyobanwa kidogo, na yeye anaweza kufika mita 35.

Mambo matatu ya kukagua kabla ya kununua risasi. Kwanza, urefu wa chemba, sehemu ya mtutu inapokaa risasi: bunduki iliyoandikwa milimita 70 haitiwi risasi ya milimita 76, hata kama inaingia. Itaingia, kwa sababu ganda hufunguka mbele wakati wa kulipuka, na hapo ndipo mgandamizo unapozidi. Pili, kama kuna bunduki ya geji 20 kwenye msafara, risasi zake zisikae mfuko mmoja na za geji 12. Ya geji 20 huteleza ndani ya mtutu wa geji 12 na kukwama mbele ya chemba. Mpigaji akidhani hakuweka kitu, huweka ya 12 nyuma yake, akifyatua mtutu unapasuka mkononi. Ndiyo maana maganda ya geji 20 hutengenezwa ya njano. Tatu, pampu itiwe risasi mbili tu, si tano. Mgeni mwenye risasi tano hupiga zote tano, na ile ya nne na ya tano huwa zinafuata ndege upande wa watu.

Idadi: panga risasi 5 kwa kila ndege unayetarajia. Wawili wakiwa na leseni ya kwale 8 kila mmoja, ni risasi 40 kwa kila bunduki, ziwe 50 kwa kuwa boksi ni za 25. Kabla ya safari, apige risasi 5 kwenye kadibodi ya upana wa mita 1 kwa umbali wa mita 20, kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, aone marisau yanatua wapi. Wengi hugundua bunduki yao inapiga juu au kushoto. Nyumbani, bunduki ikiwa imekaguliwa kuwa tupu na risasi zikiwa chumba kingine, dakika 10 kila jioni kwa wiki tatu za kuinua kitako hadi shavuni huku macho yakifuata mstari wa dari. Mazoezi haya hayana raha, lakini ndiyo yanayoleta ndege.

Kuhusu kumtangulia ndege: kwale au tombo anayekatiza mbele yako kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde, akiwa mita 20, marisau huchukua kama sekunde 0.06 kumfikia. Katika muda huo amesogea karibu mita 1. Mtutu usipomtangulia na kuendelea kutembea wakati wa kufyatua, marisau yote hupita nyuma ya mkia. Wageni karibu wote hukosea nyuma, kwa kusimamisha mtutu.

Asubuhi yenyewe

Mwishoni mwa Agosti jua la Iringa huchomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1. Kabla hapajapambazuka vizuri bunduki hazitolewi kwenye mifuko yake. Mwendo wa asubuhi ni hadi saa 4, wa jioni ni kuanzia saa 10 hadi kabla jua halijazama. Katikati ni joto na kwale wamelala vichakani. Kila mtu lita 4 za maji kwa siku. Viatu vya kufunika kifundo na kinga ya ngozi hadi gotini, kwa ajili ya kifutu, ambaye hapishi njia hata akisikia hatua. Zahanati za vijijini si za kutegemea kwa dawa ya nyoka, kwa hiyo gari libaki na dereva, mafuta na mtandao wa simu uliojaribiwa, na njia ya kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa Iringa ijulikane kwa saa, si kwa kilomita.

Safu hupangwa hivi. Mwongozaji katikati. Mzee mita 20 kulia kwake, shemeji mita 20 kushoto. Msukumaji mmoja kati ya kila mpigaji na mwongozaji, na mmoja mmoja pembeni kabisa. Askari wa wanyamapori na raifo yake hatua chache nyuma, kwa sababu ya nyati na tembo, ambao bondeni si wageni. Kijana yuko nyuma ya mwongozaji. Wote wamevaa fulana au kofia ya rangi ya chungwa. Kuna dhana kwamba ndege wataiona na kukimbia. Kwale hukimbia kwa sauti za miguu, na rangi hiyo ni kwa ajili ya macho ya mpigaji.

Mipaka ya kupiga ni migumu. Wa kulia anapiga mbele na kulia, wa kushoto mbele na kushoto. Hakuna kugeuka na mtutu kuvuka safu. Ndege aliyerudi nyuma ameponea. Hakuna kupiga ndege aliye chini. Na hakuna kufyatua kama huoni anga wazi chini ya ndege. Sheria hii ya anga ndiyo inayookoa wasukumaji, kwa kuwa kwale huruka kwa kulala, kimo cha kifua. Safu ikipinda, mmoja akiwa ametangulia hatua tano, mwongozaji husimamisha wote. Akiita, "Wazee, bunduki wazi!", mitutu miwili inavunjwa, pampu inarudishwa kilango nyuma, risasi zinatolewa, na hakuna anayeuliza kwa nini. Mwongozaji kijana huona haya kumkemea mzee. Kwenye mkutano wa jioni kabla ya safari, mzee mwenyewe amwambie mbele ya wote: "Ukiniona nimekosea, nisimamishe." Neno hilo likisemwa, kazi ya kesho inakuwa nyepesi.

Kinachoharibika mara nyingi asubuhi ya kwanza ni mwendo. Watu wa mjini hutembea kama wanaenda sokoni. Kwale hubaki mbele yao kila wakati, akikimbia, na hatimaye huruka mita 70 mbele. Mwendo sahihi ni hatua 15, kimya, hatua 15. Kilomita 4 kwa asubuhi nzima zinatosha.

Ndege akianguka

Bila mbwa, hapa ndipo safari inaposhinda au kushindwa. Kwale aliyeanguka kwenye majani ya rangi yake anaweza kulala hatua mbili kutoka kwako usimwone, na aliyejeruhiwa hukimbia. Ndiyo kazi ya kijana. Yeye hatazami bunduki wala ndege wa pili. Anatazama alipoangukia wa kwanza, anachagua kitu nyuma yake, mti au kichuguu, na kuelekeza mkono bila kuushusha. Mpigaji haruhusiwi kumpiga wa pili hadi kijana aseme "nimemwona". Watu wawili hutembea kutoka pande mbili kufuata mikono iliyoelekezwa, na mistari inapokutana hutundikwa kofia. Utafutaji huanzia kwenye kofia kwenda nje kwa mzunguko, dakika 15 kamili, bunduki zikiwa wazi. Asiyepatikana anahesabiwa kwenye idadi ya leseni kama aliyepatikana. Kwa hiyo ndege anayepita juu ya kichaka cha miiba anaachwa, hata kama ni rahisi kumpiga, kwa sababu hatapatikana.

Shemeji ni Mwislamu, na jambo hili liulizwe mapema, lisingoje chakula cha jioni. Yeye husema Bismillahi wakati wa kufyatua, na ndege akikutwa hai huchinjwa palepale, hivyo kisu kikali kikae kiunoni mwake, si kwenye gari. Kuhusu aliyekufa kwa marisau bila kuchinjwa, awe ameshamuuliza shehe wake kabla ya safari, maana jibu hilo linabadili hesabu ya nyama itakayoliwa na wote.

Joto la bondeni mchana hupita nyuzi 30. Ndege waliorundikwa kwenye mfuko wa nailoni wakiwa na joto lao huanza kuharibika kabla ya saa 6 mchana, kuanzia tumboni, hasa pale marisau yalipotoboa utumbo. Watolewe matumbo ndani ya saa moja, wafutwe kwa kitambaa kikavu, wasioshwe kwa maji ya mtoni, watundikwe kivulini kwenye wavu wa kitunguu ili upepo upite. Wakipoa ndipo waingie kwenye boksi la barafu, barafu ikiwa kwenye chupa ili wasiogelee. Manyoya hunyonyoka kirahisi ndege akiwa bado na joto. Akishapoa, ngozi hupasuka.

Wa kurudi nao Mafinga wanyonyolewe, lakini bawa moja na kichwa viachwe na manyoya yake. Kwenye kizuizi cha barabarani, mtu mwenye nyama nyekundu isiyotambulika kwenye boksi anaulizwa maswali marefu. Mwenye kwale anayeonekana kuwa kwale, leseni halisi iliyojazwa idadi ya kila siku na kutiwa saini na askari aliyekuwepo, anafunga boksi lake na kuendelea. Pembe iliyookotwa, gamba la kobe, unyoya wa tai wa kupamba kofia, vyote vibaki porini, kwa sababu hivyo ni nyara za serikali na leseni ya kwale haivigusi. Bunduki zisafiri tupu kwenye mifuko yake nyuma ya gari, risasi zilizobaki kwenye sanduku jingine lenye kufuli, na hesabu ya maganda na risasi zilizobaki ilingane na 50 kwa kila bunduki.